Badiliko la Mwisho la Mtaalamu

Jina la Mtaalamu alijipa mwenyewe. Alilichora kwanza juu ya mlango wa duka lake kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, kisha akalichapisha kwenye kadi, kisha akawa haitiki akiitwa lingine lolote. Dada Fundi, ambaye benchi lake la kulehemu lilikuwa hatua mia mbili tu kutoka kwenye mlango huo, alikuwa na majina mengine ya kumwita, ila hayo aliyatamka akiwa peke yake, ameinamia spika iliyokufa.

Alimchukia. Tuliseme mapema tusizungushane. Wala haikuwa chuki ya wivu wa biashara, ingawa ndivyo watu walivyodhani, kwa kuwa Mtaalamu alikuwa na duka la vioo na yeye alikuwa na benchi chini ya bati. Ilikuwa chuki ya nyumbani, ile inayoanzia mezani.

Baba yake Dada Fundi alikuwa fundi wa redio tangu enzi za valvu, na mtaani walimwita Mzee Redio. Mtaalamu aliletwa kwake akiwa kijana asiye na mbele wala nyuma. Akafundishwa kushika bisibisi, akala sahani moja na watoto wa nyumba, akamwita mzee Baba na mkewe Mama. Dada Fundi alimwita kaka. Miaka sita kaka huyo alilala chumba cha uani, na alipoondoka kwenda kujitegemea aliondoka na seti nzima ya vifaa, zawadi ya mzee, pamoja na mita ya kupimia umeme ambayo mzee aliipenda kuliko viatu vyake.

Mwaka wa mwisho wa Mtaalamu pale benchini walikuja wageni watatu na kamera. Walikuwa wanatengeneza filamu ya mafundi wa redio kuukuu duniani, na mtu fulani aliwaelekeza kwa Mzee Redio. Walikaa siku tatu, na siku zote tatu mzee alinyoa ndevu. Watu wa mtaani walitaniana kwamba kamera ile haina kitu ndani, wageni wanapunga upepo tu. Wageni wakaondoka, kimya kikatanda miaka mitatu, mpaka siku kilipofika kifurushi: diski moja ndani ya kasha la plastiki lenye mchoro wa redio, na barua fupi ya shukrani.

Nyumbani hawakuwa na deki. Mzee akavaa koti, akashika kasha lake kama mtu aliyebeba mayai, akaenda kwa mwanafunzi wake. Dada Fundi alimsindikiza. Ilikuwa Jumamosi na duka limejaa. Mtaalamu aliitia diski kwenye kompyuta, akainama kusoma maandishi ya Kiingereza yaliyojitokeza. Kisha akaitoa.

"Haina kitu, Mzee," alisema kwa sauti ya kufika mlangoni. "Tupu kabisa. Wamekutumia kasha."

"Hebu jaribu tena, mwanangu."

"Nijaribu nini? Wale jamaa walikupiga picha bila filamu ndani. Wamekunywa chai yako wakaenda zao."

Duka zima likavunjika mbavu. Mzee alisubiri kicheko kipoe, akashukuru, ndiyo, alishukuru kabisa, akatoka na koti lake. Kuanzia wiki ile jina likabadilika akawa Mzee Sinema. Wauza mitumba walimwuliza leo ataonyesha nini, wanawake wa bombani walimwuliza tiketi zake ni bei gani. Naye jioni aliipangusa ile diski kwa kitambaa laini, na mara moja akaisugua kwa dawa ya meno, kwa sababu mtu alimwambia dawa ya meno hutoa mikwaruzo. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Alikufa kabla ya mwaka kwisha. Hakufa kwa aibu, tusiseme uongo, alikufa kwa presha. Lakini alikufa akiitwa Mzee Sinema, na mazikoni Mtaalamu alibeba jeneza upande wa kichwani, akalia kuliko wenye msiba. Mama akaifungia diski sandukuni. Dada Fundi akarithi benchi.

Miaka minne baadaye, asubuhi moja, Nesi alimletea deki. Nesi alikuwa mwanamke wa mtaa huo huo, aliyefanya kazi ng'ambo miaka mingi na sasa amerudi moja kwa moja na makontena yake.

"Mdogo wangu, hii kitu imenishinda," alisema. "Kule ilikuwa inafanya kazi vizuri tu. Huku nikiweka diski ya dukani, inanigomea."

"Umeichomeka moja kwa moja ukutani?"

"We! Mimi si mtoto. Transfoma hii hapa."

Kweli alikuwa nayo, transfoma nzito ya kushusha umeme, kwa kuwa deki za kule hula nusu ya umeme wa huku. Dada Fundi akaifungua deki, akaikuta ndani safi kama sahani ya mgeni. Mota inazunguka, jicho la kusomea linawaka. Akaweka diski. Skrini ikatoa sentensi moja ya Kiingereza, ikakaa kimya.

"Inasemaje?" Dada Fundi akauliza.

"Inasema diski hii hairuhusiwi katika eneo hili."

"Eneo gani?"

"Sasa si ndiyo nimekuletea wewe uniambie?" Nesi akacheka, akamwachia kitabu cha maelezo, akaenda zake sokoni.

Dada Fundi alikisoma kitabu kile siku nzima, kamusi pembeni, wateja wakija anawaambia rudini kesho. Na alichokisoma kilimtoa jasho. Kumbe wenye filamu waliikata dunia vipande sita, kama watu wanaogawana shamba la marehemu, ili filamu iliyokwisha kutoka kule isije ikauzwa huku kabla wao hawajataka. Kila diski halisi ya kiwandani hupewa namba ya kipande chake, na kila deki hupewa namba ya nchi inakouzwa. Zikilingana, picha inatoka. Zisipolingana, deki inagoma hata kama diski ni mpya na nzima kabisa. Diski za kuchoma mtaani hazina namba, ndiyo maana hucheza popote. Mwishoni kulikuwa na aya kuhusu draivu za kompyuta, yaani ile sehemu inayomeza diski: hizo mwenyewe anaweza kuzibadilisha namba, lakini mara tano tu. Ile ya tano ndiyo inayobaki mpaka draivu ife.

Akaigeuza deki ya Nesi. Nyuma kulikuwa na mchoro wa tufe la dunia, na ndani yake namba moja. Akaigeuza diski ya dukani. Tufe, namba tano.

Aliacha kila kitu mezani akaenda nyumbani. Akamwomba mama ufunguo wa sanduku, akasingizia anatafuta shuka. Nyuma ya kasha la baba, kwenye kona, tufe dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Namba moja.

Kwenye deki ya Nesi picha ilitoka bila rangi, kwa sababu deki ile na televisheni yake hazikuelewana kuhusu rangi, lakini ilitoka. Baba yake alikuwa benchini akipuliza vumbi kwenye redio, kidevu kimenyolewa mpaka kinang'aa. Dada Fundi alikaa sakafuni bila kujua amekaa. Sauti ndiyo ilimmaliza, sauti ile ya kukwaruza kidogo, akieleza jinsi ya kusikiliza mlio wa mashine kabla ya kuigusa. Kisha kamera ikageukia kando, na hapo alisimama Mtaalamu kijana, mwembamba, amevaa shati la mzee. Baba akamwekea mkono begani.

"Huyu sikumzaa, lakini ni wangu," Baba akasema. "Mikono yake ina masikio. Mimi nazeeka, mashine mpya zinakuja nisizozijua. Siku nikikwama, nitakwenda kwake, na najua hatanitupa."

Dada Fundi alibonyeza rimoti, akazima. Hakuendelea mbele hata dakika moja. Kama Mtaalamu angepita pale nje kwa bahati mbaya yake, angeondoka na alama ya chuma cha kulehemu usoni.

Usiku na mchana baada ya hapo alikuwa na swali moja. Je, alijua? Kama hakujua, basi alikuwa mjinga mwenye kelele, na wajinga wenye kelele wamejaa tele, huwezi kuwamaliza. Lakini kama alijua! Akaifunga diski ndani ya kitambaa, akawa anatembea nayo mkobani kila aendako. Hakumwambia mtu, hata mama.

Jibu alipewa bure. Mtaalamu alikuwa amejenga ukumbi wa kuonyesha filamu, viti mia mbili, skrini ya ukuta mzima, na Jumamosi saa tisa alasiri angeuzindua. Alhamisi kompyuta ya kuendeshea projekta, ile ile ya dukani tangu zamani, ikakata pumzi. Mtaalamu alikuwa hajashika chuma cha kulehemu miaka mingi. Siku hizi alishika simu na funguo za gari. Akatuma mtu kumwita Dada Fundi, na alipofika akampokea kwa mikono miwili.

"Dada yangu! Damu ya mwalimu wangu! Nilisema hapa hakuna mwingine wa kunitoa kwenye hili shimo ila wewe."

"Makubwa, kaka. Hujambo?"

"Nitakuwaje sijambo? Jumamosi mgeni rasmi ni Ofisa wa Hakimiliki mwenyewe. Unajua anavyowafungia watu mabanda? Mimi nimemwambia, kwangu ni diski halisi tu, hakuna kuchoma. Zinaingia Jumamosi asubuhi, bado ziko kwenye nailoni."

Dada Fundi aliangalia mlango wa stoo nyuma yake. Mtaa mzima ulijua mle ndani kuna magunia ya diski za kuchoma, zimepangwa kama mkaa. Akaifungua kompyuta, akakuta kapasita mbili zimevimba kwenye pawa saplai, kazi ya nusu saa kwa mtu anayejua. Akawasha chuma. Mtaalamu akavuta kiti kusimamia, akawa anaongea, maana kimya kilikuwa hakimpatanishi na nafsi yake.

"Ukishamaliza, usiniguse kule kwenye namba ya eneo," alisema. "Hizi draivu zina mambo. Unaruhusiwa kubadilisha mara tano tu, basi. Mimi nimebakiza moja."

Chuma kilisimama hewani. "Eneo? Ndiyo nini hiyo, kaka?"

Hapo Mtaalamu akafurahi. Akaeleza yote, vipande sita, matufe, namba, kwa raha ya mtu aliyepewa mwanafunzi. Akaeleza jinsi alivyozitumia nne: moja alipoinunua mashine, moja kwa ajili ya diski za harusi ya mkandarasi, moja kwa diski za mwalimu wa lugha, na moja ya kuirudisha kwenye namba ya hapa nyumbani.

"Hiyo ya mwisho naitunza kama jicho," alisema. "Tangu mwaka ule daraja lilipovunjika. Watu wamekuja kuniomba hapa, na visababu vyao, nami nikawaambia diski zao mbovu. Ukimwambia mtu ukweli atakusumbua kila siku. Ukimwambia mbovu, anakwenda zake."

Mwaka wa daraja kuvunjika ndio mwaka aliokufa mzee. Walilizungusha jeneza njia ya juu kwa sababu daraja halikuwepo, na Mtaalamu alikuwa amelibeba upande wa kichwani.

Dada Fundi alishusha chuma akalehemu kapasita ya kwanza. Angeweza kusema pale pale. Angeweza kumtupia kasha usoni, akamtukana, na kesho yake Mtaalamu angesimulia mtaa mzima kwamba binti wa Mzee Sinema amerukwa na akili. Hapana. Maneno ya dukani yalijibiwa kwa kicheko mara moja, hayangejibiwa hivyo mara ya pili. Akalehemu ya pili.

"Kaka, naomba maji ya kunywa. Ya baridi kama yapo."

Mtaalamu alitoka mwenyewe kuyafuata, kwa kuwa alitaka kuonyesha unyenyekevu. Kompyuta ilikuwa imeshawaka. Dada Fundi akafungua mipangilio ya draivu, akaikuta kama alivyosimuliwa: eneo la tano, mabadiliko yaliyobaki moja. Akatoa kitambaa mkobani, akaitia diski ya baba. Akachagua namba moja. Kompyuta ikamwuliza kwa heshima kama ana hakika, kwa sababu baada ya hapo haitabadilika tena kamwe. Hajawahi kuwa na hakika ya kitu chochote kama ile. Akabonyeza. Mtaalamu aliporudi na glasi, diski ilikuwa imerudi mkobani na Dada Fundi alikuwa anakaza skrubu.

"Tayari. Ila usiitie diski yoyote mpaka Jumamosi, kaka. Jaribu muziki tu na picha za ukutani. Lehemu inahitaji kutulia."

"Naelewa, naelewa," Mtaalamu akasema. Lehemu hupoa kabla hujamaliza kupenga kamasi. Kijana aliyefundishwa na Mzee Redio angelijua hilo usingizini, lakini Mtaalamu alikuwa bosi sasa. "Nikupe nini?"

"Hii ni bure, kaka. Wewe ni mtu wa nyumbani."

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye kuta. Dada Fundi alikaa safu ya tatu na mama yake. Mama hakutaka kuja, alibembelezwa tangu asubuhi, akaja amevaa gauni lake la kanisani na uso wa mtu aliyepelekwa kung'olewa jino. Ofisa wa Hakimiliki alikaa mbele, mtu mpole mwenye miwani na daftari. Mtaalamu alitoa hotuba. Alisema neno "halisi" mara kumi na moja, Dada Fundi alihesabu. Akainua diski ya kwanza juu, akachana nailoni mbele ya watu, wakapiga makofi, akaitia.

Skrini ya ukuta mzima ikaandika sentensi ya Kiingereza.

Mtaalamu akacheka kidogo, akatia ya pili. Sentensi ile ile. Ya tatu. Kwenye skrini kubwa namna ile herufi zilikuwa na urefu wa mtu. Ya nne aliipangusa kwenye suruali kabla ya kuitia, na huko nyuma mtu akaguna. Akapiga magoti kwenye kompyuta, akafungua mipangilio, na kwa kuwa projekta haikujua siri, watu mia mbili wakaona anachokiona: eneo la kwanza, mabadiliko yaliyobaki sifuri. Macho yalimtoka pima.

"Si ulete deki nyingine?" mtu akapaza sauti. Lakini projekta ilikuwa na tundu la kompyuta tu, wala hakukuwa na waya wa kuunganisha deki.

"Mtaalamu, si una zile za gunia!" mwingine akasaidia, mtu mwema asiyejua anachokifanya. "Zile hazigomi!"

Ofisa wa Hakimiliki akainua kichwa kutoka kwenye daftari. "Za gunia zipi?"

"Anatania, mheshimiwa," Mtaalamu akasema. Jasho lilikuwa limechora ramani kwenye shati lake. Macho yake yakatembea safu kwa safu mpaka yakamkuta Dada Fundi, na hapo akaelewa, ila hakuelewa ni kwa nini. "Dada. Umeifanya nini mashine yangu?"

Dada Fundi akasimama. "Mashine nzima, kaka. Ila sasa inakubali diski za namba moja tu, mpaka ife. Mtaa huu mzima namba moja ninayoijua iko moja. Hii hapa. Halisi, ya kiwandani, mheshimiwa anaweza kuikagua."

Ofisa aliikagua kweli, mbele na nyuma, akaridhika. "Basi tuangalie hiyo," akasema. "Watu wamekaa muda mrefu."

"Hiyo haina kitu," Mtaalamu akasema haraka. "Mimi naijua hiyo, nilishaijaribu. Tupu."

"Itie, kaka. Kama ni tupu, tutacheka. Watu hapa wanajua kucheka."

Akaitia. Afanye nini? Na ukuta mzima ukawa Mzee Redio, safari hii na rangi zake zote, kidevu kimenyolewa, anapuliza vumbi. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja wa bombani akasema, "Jamani, ndiye yeye," akaziba mdomo kwa mkono. Wauza mitumba walikaa kama walioitwa mahakamani. Mama alishika ukingo wa kiti cha mbele yake kwa mikono yote miwili.

Dada Fundi hakuwa anaangalia ukuta. Alikuwa akimwangalia Mtaalamu, aliyebaki amesimama kando ya kompyuta mahali ambapo mwanga wa picha ulimwangukia. Alijua sekunde ngapi zimebaki. Ilipofika, akaona bega la Mtaalamu likishtuka, kana kwamba mkono ule wa kwenye ukuta umemgusa.

"Huyu sikumzaa, lakini ni wangu," Baba akasema, sauti yake ikijaza viti mia mbili. "Siku nikikwama, nitakwenda kwake, na najua hatanitupa."

Watu wakageuka. Si wote kwa mara moja, ila safu baada ya safu, mpaka ukumbi mzima ukawa umempa kisogo mzee na kumtazama mwanafunzi wake. Baadhi yao walikuwemo dukani siku ile. Mtaalamu akaketi chini sakafuni, palepale penye nyaya, akainamisha kichwa. Na Dada Fundi akafurahi. Haitakuwa haki kusema kwamba alimwonea huruma au kwamba kisasi kilimtia uchungu mdomoni. Alifurahi mpaka vidole vya miguu, kama mtu aliyekunywa maji baada ya safari ndefu, akatamani baba ainuke aseme tena.

Filamu ikaendelea. Hapo alikuwa hajawahi kufika.

Mtu wa kamera akamwuliza mzee jambo, na mzee akacheka. "Hapa mtaani wanasema hiyo kamera yenu haina kitu ndani," akasema. "Wanasema napoteza muda. Waache. Binti yangu yule ndani ananiamini. Hata mtaa mzima ukisema sikupigwa picha, yeye atasema nilipigwa. Huyo hata nife, atabishana nao."

Ukumbi ukalipuka. Watu walisimama wakampigia makofi, wakamgeukia, wengine wakinyoosha mikono kumgusa bega. Hata Ofisa alivua miwani akawa anapiga makofi na daftari chini ya kwapa. Binti wa Mzee Redio! Kweli kabisa, amebishana nao mpaka mwisho!

Dada Fundi alibaki amekaa. Kwa sababu jioni ile ya Jumamosi ya dukani, miaka minne iliyopita, mzee alirudi nyumbani na kasha lake, akaingia jikoni, akasema labda mashine ya kijana ndiyo yenye hitilafu, labda watafute mtu mwingine wa kuijaribu. Na mtu mmoja jikoni mle, aliyechoka kuchekwa njiani kwa ajili yake, alimgeukia akamwambia: "Baba, basi! Hakuna picha. Hukupigwa picha yoyote. Acha kututia aibu." Mzee alisema sawa. Hakuizungumzia tena filamu ile mbele ya binti yake, na ile kazi ya kuipangusa akawa anaifanya akiwa uani.

Aligeuka kumtazama mama yake. Watu wote waliowazunguka walikuwa wakipiga makofi, wakimpongeza mama kwa kumzaa binti wa namna ile. Mama, ambaye jioni ile alikuwa papo hapo jikoni akimenya viazi, alikuwa amepakata mkoba wake, mikono imetulia juu yake, wala hakupiga makofi.